Kilima cha Mama na Mbuzi wa Mjomba

Kwetu Butembo hakuna mtu anayepanda mlima bure. Mlima unapandwa kwa sababu juu yake kuna shamba, au kuna kuni, au kuna antena ya simu iliyoharibika na fundi ameitwa. Ukisema unapanda ili utazame tu, watu wanakuangalia viatu, kisha uso, kisha wanakuuliza ni nani anayetaka kununua shamba. Nasema hivi bila kumcheka mtu, maana na mimi ni wa hapo hapo. Ninauza viatu kwa jumla, na mpaka siku ile sikuwa nimepanda kilima chochote ambacho hakikuwa na mteja upande wa pili.

Siku ile nilipanda kwa sababu ya macho ya mama.

Daktari alikuwa amemwambia kwamba jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata pole pole. Ni presha ya macho. Dawa ya matone ingechelewesha mambo, haingeyazuia. Mama alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akakaza kikwembe chake kiunoni. Tulipotoka barabarani niliyelia ni mimi. Yeye alikuwa ameshainua mkono kusimamisha pikipiki.

"Utanipeleka kule ku kilima yetu," aliniambia kabla hata hatujapanda. "Kabla hii jicho ingine nayo ifunge."

Sikuhitaji kuuliza ni kilima gani. Katika ukoo wetu, hata watoto wa kunyonya wamekisikia. Kiko nyuma ya kijiji alikozaliwa mama, upande wa Lubero, mbali na barabara. Ni kilima kidogo kisicho na umaarufu wowote. Vingine vyote vimelimwa mpaka juu, maharage hapa, viazi pale, mikalitusi ya kuuza mbao, ila hicho kimebaki na msitu wake kama kichwa ambacho kinyozi alikisahau. Wazee wa kijiji waliufunga msitu huo zamani kwa ajili ya nguzo za nyumba, na baadaye nguzo zikapatikana karibu zaidi, kwa hiyo watu wakaacha kwenda.

Mama alipokuwa msichana alitumwa kuni. Akapita mpaka waliomwekea, akapanda hadi juu kabisa, na huko juu, kati ya miti miwili, akaona mlima mweupe. Aliona barafu ya Ruwenzori. Alirudi nyumbani mbio, mikono mitupu, akipiga kelele kwamba kuna mlima wa chumvi. Alichapwa kwa ajili ya kuni, akachekwa kwa ajili ya chumvi. Aliyecheka kuliko wote ni mdogo wake wa kiume, mjomba wangu, na mpaka leo hajamaliza kucheka.

Noko, ndivyo tunavyomwita mjomba kwetu, anaishi Beni. Alikwenda huko kijana kuwa msaidizi wa lori, akawa dereva, akaoa katika familia ya Waislamu wenye malori na akaanza kusali kama wao. Amepita barabara zote, ya Kasindi, ya Eringeti, ya Kamango wakati matope yanafika kwenye taa. Na asubuhi kukiwa kweupe, Ruwenzori inaonekana kutoka uani kwake, kwa hiyo anaizungumzia kana kwamba yeye ndiye anayeilipia kodi.

"Barafu ni ya Beni," husema kwenye kila harusi na kila matanga. "Kule ku kilima yenu milima ingine inaziba. Yaya aliona wingu, akatoka mbio." Yaya ni dada mkubwa, yaani mama.

Mama hujibu kwamba mtu mwenye kuona kwa kioo cha lori hawezi kujua mlima. Watu wanacheka, sahani zinapita, na jambo linaahirishwa hadi sherehe nyingine. Mimi nilikuwa nimelichukulia hivyo maisha yangu yote, kama sehemu ya chakula.

Ndiyo maana, kwa akili yangu ya biashara, nilimpa mama njia fupi. Twende Beni, nilisema, tulale kwa Noko, asubuhi utaona barafu umekaa kwenye kiti na kikombe cha chai mkononi.

"Ile ya Beni kila mutu anaiona," alisema. "Ile yangu hakuna mutu aliamini. Siku macho itafunga kabisa, nitaionyesha nani? Watasema, mama alikuwa kipofu na muongo."

Alilisema bila uchungu, huku anachagua maharage kwa vidole, na mimi nikaona aibu. Nilimpigia Noko simu siku hiyo hiyo. Alisema atakuja kushuhudia dada yake akishindwa. Alifika na thermos ya chai ya tangawizi na fimbo mpya ya kutembelea, nyepesi, iliyolainishwa vizuri, ambayo alidai aliiokota tu njiani.

Tuliondoka siku ya kiangazi, na tuliondoka tumechelewa, kwa sababu mama hakukubali kwenda popote kabla ya misa ya asubuhi. Noko alitusubiri nje ya parokia akitazama anga kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. "Barafu inaonekana asubuhi mapema," aliniambia. "Kisha mawingu inapanda, inafunika, kwisha. Mama yako anajua. Anaogopa kushindwa, donc amejificha kwa padri." Lakini niliona hakufurahi. Mtu anayetaka ushindi hahesabu mawingu kwa uso ule.

Nizungumzie pia viatu, kwa kuwa ni kazi yangu. Dukani nina bote za mpira za kutosha kijiji kizima. Mama alizikataa. Alikuwa anakwenda kuona kitu kikubwa cha Mungu, alisema, na haendi amevaa kama mtu wa kuchimba choo. Alivaa viatu vyake vya misa, vyeusi, vimepigwa rangi. Kwa hiyo na mimi nikavaa vyangu vizuri vya ngozi, kwa sababu mtu wa Butembo hawezi kukubali mama yake amzidi viatu. Noko alivaa kanzu juu ya suruali, na kandambili zilizowahi kuwa bluu.

Nilikuwa nimeuliza mapema kama upande ule kumetulia. Siku hizi tunauliza hivyo kabla ya kila safari, na nilijibiwa kumetulia. Pikipiki zilitufikisha hadi penye kijito, mahali ambapo njia iligeuka kuwa mtaro, na hapo madereva wakakataa kwa heshima. Tukaendelea kwa miguu, kati ya mashamba ya viazi, na kilima kikatokea mbele yetu, kidogo, cheusi, kimejaa miti hadi mabegani. Njia ilikiendea kidogo, kisha ikakunja kuelekea kijiji kingine. Kwenda juu hakukuwa na njia yoyote.

Pale penye kona walikuwepo mume na mke wakilima. Wote wawili waliinua migongo. Walituangalia viatu.

Walimwamkia mama kwa Kinande, lugha ya kwetu, wakaulizana habari za nyumbani kwa utaratibu, na mama akajibu kwa utaratibu. Kisha mwanamume, mwenye panga lililokwangika kiunoni, akauliza kwa upole tunaelekea wapi.

Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli. Lakini ukweli wetu ulikuwa mbaya. Watu watatu wa mjini, wamevaa vizuri, wanataka kuingia msitu wa kijiji ili watazame! Kila mtu angejua tumetumwa na tajiri kupima shamba, au tunatafuta dhahabu. Nilifungua mdomo, na Noko akanitangulia.

"Tuko natafuta mbuzi yetu," alisema. "Ilipotea."

Mama alimgeukia pole pole.

Nadhani Noko alikuwa amekaa Beni muda mrefu mno kwenye usukani, akasahau kwao. Maana katika vilima vyetu unaweza kusema umepotelewa na pesa, na watu watakupa pole waendelee kulima. Ukisema mbuzi, jembe linawekwa chini. Mbuzi ni mahari ya mtu, ni ada ya shule ya mtu, na kesho anaweza kupotea wangu. Mwanamke aliweka jembe chini. Mume akachomoa panga.

"Iko ya rangi gani?"

"Mweupe," alisema Noko.

"Dume ao jike?"

"Jike."

"Iko na mimba?"

"Kidogo," alisema Noko, ambaye alikuwa ameanza kutoka jasho.

Mwanamke akaenda ukingoni mwa shamba, akaweka viganja mdomoni, akaita ng'ambo ya bonde. Mbuzi mweupe! Jike! Ana mimba! Kutoka mgongo wa pili sauti ikajibu, na baada yake sauti nyingine mbali zaidi. Nikaona watu wadogo kama punje wakiacha mashamba yao na kuanza kupita vichakani. Kilima kizima kilikuwa kinamtafuta mbuzi aliyezaliwa sasa hivi mdomoni mwa mjomba wangu.

"Utaungama," mama alimnong'oneza.

"Mimi niko Mwislamu, yaya. Hatuungamagi kwa padri."

"Bon. Basi nitaungama kwa jina yako."

Tukaingia msituni, mwanamume na panga lake mbele, mkewe nyuma yake, akiita "mee, mee" kwa sauti tamu kabisa, na kila alipoita nilitamani ardhi inimeze. Lakini lazima niseme, bila mbuzi yule tusingefika hata robo. Msitu ulikuwa umefunga mlango. Kulikuwa na miiba inayoshika nguo na kukataa kuachia, upupu uliopita kwenye soksi zangu kana kwamba sina, na magogo yaliyooza ambayo yanaonekana imara mpaka umeweka mguu. Mwanamume alikata, tukapita, na nyuma yetu majani yalirudi mahali pake.

Mama alipanda vizuri kuliko mimi. Noko alishika ncha moja ya fimbo na yeye akashika nyingine, wakaenda hivyo, mdogo mbele na dada nyuma. Noko alikuwa akisema, bila kugeuka, "Muzizi. Jiwe. Hapa inateleza." Mama alikuwa akijibu kila mara, "Naona," hata pale ambapo niliona wazi kwamba mguu wake unatafuta. Alikuwa akigusa miti na kuitaja majina kwa Kinande, moja moja, kama mtu anayesalimia majirani. Nikafurahi sana. Nilikuwa nimesahau kwamba mama alikuwa mtoto wa mahali fulani.

Karibu na nusu ya mlima soli ya kiatu changu cha kulia ikang'oka, yote, ikabaki kwenye matope. Niliiokota. Ilikuwa mali ya dukani kwangu, ya aina ninayoisifu kwa wateja kila siku. Ningemlalamikia nani? Niliifunga mguuni kwa kitambaa changu cha kichwa na sikusema neno, lakini Noko alikuwa ameona, na alicheka hadi akalazimika kuegemea mti.

Tuliposimama kunywa chai ya tangawizi, mwanamume alifuta panga kwenye majani, akaketi kwenye gogo, akatazama viatu vya mama.

"Koko," alimwambia mama, maana alikuwa wa umri wa bibi yake, "mutu anatafutaka mbuzi na viatu ya misa?"

Mahali fulani chini yetu mtu alikuwa bado anaita mbuzi.

"Mbuzi haiko," alisema mama. "Haikukuwa. Mutusamehe."

"Tulijua," alisema mke, akipuliza chai yake.

"Mulijua? Na mulikuja?"

"Kama iko mbuzi, tunasaidia," alisema mume. "Kama muko natafuta shamba yetu, tunaangalia. Njia ni moja tu."

Basi mama akawaeleza. Aliwaeleza kuhusu kuni, na fimbo aliyochapwa, na chumvi, na jicho la kushoto, na la kulia. Alimwonyesha Noko kwa kidole na kusema, huyu ndiye aliyecheka. Mume na mke walimtazama Noko kwa macho ambayo yalimfanya ashughulike na kifuniko cha thermos. Kisha mwanamke akainuka, akarudi mpaka penye uwazi kidogo, akaita chini kwa nguvu zake zote kwamba mbuzi ameonekana. Kutoka bondeni walipiga vigelegele. Watu wasiotujua walifurahi kweli kweli kwamba mbuzi wetu yu mzima. Mama alifanya ishara ya msalaba.

"Juu kumefunga," mwanamke alituambia tulipoanza tena kupanda. "Miti ilikomaa. Lakini upande jua inatokea, upepo iliangusha muti moja mukubwa. Pale kuko kama dirisha."

Kilele hakikuwa na kitu cha kumpigia mtu picha. Ardhi ilinyooka ghafla, basi, na tukawa hatuna mahali pengine pa kupanda. Palikuwa na ukubwa wa sebule ya nyumba yetu, penye miti mizee yenye ndevu za kijani na udongo mweusi mlaini ulionyamazisha miguu. Hakuna alama ya panga, hakuna ganda la muhindi, wala mfuko wa plastiki. Nilijisikia kama mgeni aliyeingia chumbani bila kubisha. Mti mkubwa ulikuwa umelala chali kama mwanamke alivyosema, mizizi yake juu kuliko kichwa changu, na pale ulipoanguka kulikuwa na dirisha kweli.

Dirisha lilikuwa limejaa wingu.

Wingu lenyewe lilikuwa jeupe, zito, limekaa kuanzia bondeni hadi juu bila ufa. Tulikuwa tumechelewa, kama Noko alivyosema mbele ya parokia. Nilimtazama. Alikuwa ameshinda. Nusu ya uhai wake alisema pale pana mawingu tu, na mawingu ndiyo hayo, na mashahidi wapo. Nikasubiri aseme. Nilikuwa nimeshakasirika kabla hajafungua mdomo.

Mama alikuwa amesimama mbele yetu, mikono miwili juu ya fimbo, uso ameuelekeza kwenye ule mwanga. Jicho lake la kulia lilikuwa wazi kabisa, linatoa machozi kwa kukaza.

"Munaiona?" aliuliza.

Ndipo nilipoelewa kwamba yeye haoni. Haoni barafu, haoni hata wingu. Alikuwa amepanda mlima wote ule na kufika amechelewa, si kwa misa bali kwa miaka. Mume na mke walitazama chini.

"Tunaiona, yaya," alisema Noko.

Niligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu, wa mtu anayetoa ushahidi.

"Iko mweupe kabisa," aliendelea. "Ulisema kweli. Mimi ndiye nilikuwa mujinga."

"Iko wapi?"

Noko akamsogelea, akachukua mkono wake wa kuume, akaunyoosha kuelekea katikati ya dirisha, penye wingu zito kuliko kote. "Pale," alisema. Mimi nikalia kimya, kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya mama. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akitupa ushindi wake mwenyewe bila hata kuutazama unapoangukia.

Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa anasikiliza mkono wake.

"Hapana," alisema. "Ni kushoto. Kushoto na juu kidogo. Kulikuwa miti mbili, na yenyewe ilikuwa kushoto ya ule wa pili."

Na akausogeza mkono, wake na wa Noko pamoja, kushoto na juu kidogo.

Tulifuata vidole vyao kwa sababu ya heshima tu. Kule, juu sana kuliko nilivyokuwa nikitazama, juu ya wingu lenyewe, kwenye kipande cha anga ambacho nilikidhani ni wingu jingine, kulikuwa na ukingo. Ulikuwa mkali, na haukusogea. Wingu lilipita chini yake, wenyewe ukabaki, mweupe kama chumvi, na ubavu wake mmoja ulikuwa wa bluu. Mwanamke alishika mkono wa mumewe. Mume akavua kofia.

Noko aliukaza mkono wa dada yake.

"Sasa ndiyo munaiona," alisema mama. Hakuuliza.

"Yaya," alisema Noko. "Yaya. Iko."

"Ile ya kwanza ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Kama mbuzi."

"Kama mbuzi, yaya."

Alicheka, mama yangu, kicheko cha msichana, na miti ikakimeza. Kisha nikamuuliza, taratibu, kama yeye anaona chochote.

"Mimi hapana," alisema. "Naona mwangaza tu. Lakini zamani nilikuwa mimi peke yangu. Sasa tuko bengi."

Wingu lilipanda na kufunika. Noko hakuushusha ule mkono.